Rafu ya Tatu

Kila alipotoka shule, Milembe wa darasa la sita alivua sare, akatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha akaingia kwenye banda la useremala la mama yake, karibu na stendi ya Bariadi. Ulikuwa mwaka ambao mji ulifanywa makao makuu ya mkoa. Wafanyabiashara walikuwa wakileta bodi nene za MDF, za unga wa mbao ulioshindiliwa, kutoka Mwanza, zimebandikwa vinia, yaani utando mwembamba wa mbao halisi, na kila mtu alitaka makabati ya namna hiyo.

Ijumaa hiyo mama yake, fundi Wilhelmina, alikuwa akimalizia kabati la vitabu la shule moja ya msingi.

"Imebaki rafu ya tatu," alisema. "Toboa kwanza tundu dogo ukingoni, ndipo uingize skrubu. Bodi hii ukiilazimisha hupasuka. Mimi nafuata gundi dukani."

Milembe alikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira wa pete. Hakutoboa tundu. Alikaza skrubu kwa nguvu zake zote, kach! Ukingo ukavimba, ukapasuka. Kwa hofu akabandika kipande cha vinia juu ya ufa kwa gundi kidogo iliyosalia koponi, akapangusa iliyochuruzika.

Mama aliporudi, alipitisha kiganja juu ya rafu. "Mkono wako umekuwa mwepesi, mwanangu."

Sifa ile ilimchoma. Uwanjani, mpira ulimponyoka mara tatu.

Asubuhi yake alifika Mwalimu Novatus wa shule ile, na vijana wenye mkokoteni wa ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," mwalimu alimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Kabati zuri! Tutaliweka darasa la kwanza. Wale wadogo hukaa sakafuni, watachukua vitabu hapo hapo walipo."

Milembe akaviona akilini vichwa vyao vidogo chini ya rafu iliyosheheni vitabu. Vijana wa mkokoteni walipoinama kulibeba, akapaza sauti.

"Msilibebe! Mama, rafu ya tatu niliipasua. Sikutoboa tundu, halafu nikaficha."

Mama aliikandamiza rafu, skrubu ikachomoka na ungaunga wa bodi.

"Nilidhani utanikataza kushika zana," Milembe alisema akilia.

"Utazishika sasa hivi. Mwalimu, tafadhali rudi jioni."

Walikata rafu mpya. Milembe alipima, akatoboa, akapachika vijiti vya duara vilivyopakwa gundi, na safari hii skrubu ziliingia taratibu.

Saa kumi mwalimu alirudi, akapanga matofali kumi juu ya rafu. Haikutikisika. Milembe akashusha pumzi ndefu, akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka.

Mama akamshika bega. "Kila fundi huharibu ubao, hata mimi. Kosa ukilisema mapema, linatugharimu bodi moja na siku moja. Ukilificha, atakayeumia ni mtoto wa watu aliyekaa chini ya rafu. Usiruke hatua ya kazi, mwanangu, na ukikosea, sema."

"Nimesikia, mama," alijibu Milembe, akaenda kushika pembe moja ya kabati walipakie.