Kikapu cha Mama cha Kuokotea Viazi

Kila mwaka majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, sisi watu wa kabila la Wamikmaki tulivuka mpaka wa nchi kwenda jimbo la Maine kuokota viazi. Trekta lilifukua, sisi tukafuata nyuma na vikapu. Tulilala katika vibanda vya mbao. Jioni Baba alipiga fidla. Harufu ya udongo ule naikumbuka hadi leo.

Mama yangu, Filomena, alikuwa fundi. Kila kiangazi aliwauzia wageni wa hotelini vikapu vidogo vya rangi, laini kama karatasi. Mwaka mmoja kikapu chetu cha shambani kilikuwa kimechakaa. Mama akasuka kipya, chekundu, chenye misokoto pembeni.

Jirani yetu Veronika alipokiona alicheka. "We Filomena, hicho cha viazi au cha bibi harusi?"

"Wivu tu huo," Mama akajibu.

Asubuhi ya kwanza alikijaza, akakiinua. Kitako kikafumuka! Viazi vikabingirika. Watu wakaangua kicheko. Mama akashinda akiokotea kwenye aproni.

Mwenye shamba, Bwana Hadlock, akaja. "Mama Noel, baridi kali inakuja. Viazi vikiganda ardhini vimeoza. Kesho usipokuwa na kikapu, mstari wako wa viazi nampa mwingine."

Mstari ule ndio uliotulisha majira yote ya baridi. Mama alirudi kibandani machozi yakimlengalenga. Veronika akamfuata, safari hii bila kucheka.

"Shoga, ufundi unao. Ulisahau kujiuliza tu: kitabeba nini?"

Akatuletea gogo bichi la mti wa vikapu, lililonyooka, lisilo na vifundo.

"Gonga kwa kisogo cha shoka," alimwambia Baba. "Usiruke mahali. Mti utaachia matabaka wenyewe."

Baba akagonga. Mimi na kaka yangu Noel tukavuta tepe ndefu za mti. Mama akashika kisu azichane ziwe nyembamba.

"Ee, weka kisu!" Veronika akamzuia. "Za kitako ziache nene kama mkanda. Zilowanishe zisikatike ukizikunja. Kaza kila mzunguko. Na mkono wa kikapu uuchomeke mpaka chini, usiishie mdomoni."

"Na rangi?" Mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Udongo utakipaka."

Wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kesho yake Mama alijaza, akainua, akamwaga kwenye pipa, akarudia. Kitako hakikulegea. Baridi kali ilipofika, mstari wetu ulikuwa mtupu, na tulirudi nyumbani na magunia ya viazi. Mwaka uliofuata waokotaji wenzake walimwomba awasukie vikapu vyao.

Siku hizi mashine zinaokota. Vibanda vimebomolewa, Mama na Veronika wamelala makaburini. Kikapu kile ninacho bado. Juzi mgeni mmoja alikisifu sana, akaniambia nikitundike ukutani.

"Nikitundike?" nikamuuliza. "Na kuni nitabebea nini?"