Laana Inayopoa kwa Nusu Saa

"Toka ndani! Leo hulali nyumba hii!"

Bhoke aligeuka na mwiko mkononi.

Aliyefoka hakuwa adui. Alikuwa baba yake mzazi, mzee Mogesi, amesimama mlangoni na fimbo yake, uso umemvimba kwa hasira.

"Tata, shikamoo..."

"Shikamoo yako kaa nayo! Funga vitu vyako. Ng'ombe kumi na nane wa mume wako narudisha wote!"

Nyie! Mtu umeolewa miaka minne, ugali uko motoni, halafu baba yako anakuja kuvunja ndoa yako asubuhi asubuhi!

"Joram kafanya nini?"

"Muulize yeye. Muulize kwa nini Kilima cha Mawe kinamkataa!"

Ngoja niwaeleze, maana hii ni ya Tarime, mwaka 1956.

Joram, mume wa Bhoke, alikuwa dereva wa kigari kidogo cha zahanati moja pale Bomani. Udereva alijifunza jeshini, wakati wa vita vya Burma. Kila Jumanne na Ijumaa anapeleka dawa Nyamongo, anarudi na wagonjwa.

Sasa kwa karibu mwezi mzima kigari kikaanza mchezo. Kinatoka Bomani vizuri, kikifika katikati ya Kilima cha Mawe... puu! Kimezima. Wakikaa nusu saa, kinawaka kama hakijafanya kitu.

Na kilima chenyewe kilikuwa na habari zake. Zamani koo mbili ziliapa pale kwamba anayeficha mali ya wizi hatavuka.

Umeshaona mambo yalikoelekea?

Maneno yakaanza sokoni. Joram ana ng'ombe wa wizi. Kiapo kinamdai. Na aliyeyaanzisha ni Athanas, fundi magari, kaka yake Bhoke, tumbo moja! Alitaka usukani wa zahanati tangu siku nyingi, na roho ilikuwa inamuuma.

"Kama Joram ni mwizi," mzee Mogesi akasema, "basi ng'ombe alionipa ni wa wizi. Mimi siingizi laana kwangu."

Bhoke akamwangalia mume wake. Joram alikuwa kwenye kigoda, kichwa chini.

"Sema kitu, Baba Wegesa!"

"Nimesafisha plagi. Nimefungua kabureta. Athanas mwenyewe alipima koili hapa nyumbani, akasema nzima. Labda kweli kuna kitu babu zangu walifanya..."

"Nyamaza!"

Hapo Bhoke aliumia kuliko alivyoumizwa na baba yake. Mwanaume wake, aliyerudi vitani mzima, ameanza kuamini umbea wa sokoni!

Akaweka mwiko chini.

"Tata, nikuulize. Laana gani inayopoa ukisubiri nusu saa?"

Mzee akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Ijumaa ile ya mvua nilikuwa ndani ya gari. Baridi kali. Lilipanda kilima mpaka juu, halikukohoa. Laana inaogopa kulowa?"

"Usinijibu hivyo, mwana!"

"Nakujibu, Tata, kwa sababu nyumba ni yangu! Twende zahanati. Gari liwashwe pale uwanjani, tambarare, lisiende popote. Likizima, utanieleza kilima kimetufuataje."

"Na lisipozima?"

Bhoke akaepua sufuria motoni.

"Nafunga vitu vyangu mwenyewe."

Jamani, huyo mwanamke alikuwa na moyo!

Habari ikafika Bomani kabla yao. Watu wakajaa uwanjani. Mganga Simioni, mkubwa wa zahanati, akatoa ufunguo kwa shingo upande. Athanas alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna kijiti. Pembeni alisimama mke wake, Veronika, na kapu lake.

Joram akawasha. Boneti likafungwa. Kigari kikanguruma.

Dakika kumi. Kinanguruma.

Dakika ishirini. Jua linachoma, kigari kinaimba kama kimeolewa!

"Bado?" mzee Mogesi akauliza.

"Bado, Tata."

Wewe umewahi kuomba gari la mumeo lizime? Bhoke aliomba. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba na kwa Kikurya. Macho hakuyashusha.

Dakika thelathini na kitu... kigari kikakohoa.

Kikakohoa tena.

Puu!

"KILIMA KIKO WAPI HAPA?" Bhoke akapiga kelele. "Nionyesheni kilima!"

Watu wakaangua kicheko. Athanas akatema kijiti.

"Petroli chafu hiyo," akasema.

"Si ulisema laana, kaka?"

Joram alikuwa ameshainuka. Ni kama mtu aliyeamshwa. Akafungua boneti, akachomoa bomba la kabureta. Petroli ikatiririka safi.

"Petroli inafika," akasema. "Sasa cheche."

Akachomoa waya mnene unaotoka katikati ya koili, kile kikopo kinachotengeneza cheche za kulipua petroli. Bhoke akaushika kwa mpira mkavu, ncha yake karibu na chuma cha injini, kama alivyomsaidia mume wake mara nyingi. Joram akazungusha hendeli ya kuwashia injini.

Hakuna kitu. Akazungusha tena. Kacheche kamoja ka njano, kadogo, kakafa.

Bhoke akagusa koili kwa kidole.

"Mama yangu! Inaunguza!"

"Leteni gunia lililolowa!" Joram akasema.

Wakaifunika koili. Wakasubiri. Gunia likatoa mvuke, wakalimwagia maji tena. Kisha Joram akashika hendeli.

Ta! Ta! Ta! Cheche ya bluu, nene, mpaka watu wa mbele wakaruka nyuma.

"Baba mkwe," Joram akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi, "koili hii imekufa ndani. Ikipoa inafufuka, ikichemka inazimia. Gari linapochemka ndipo linapokuwa limefika kilimani. Sisi tulikuwa tunaipima nyumbani, imepoa. Ndiyo maana ilitudanganya."

Mganga Simioni akatingisha kichwa. "Basi tuagize nyingine Kisumu."

"Ngoja."

Joram alikuwa anaifuta ile koili kwa kitambaa. Akaigeuza huku na huku. Uso ukabadilika.

"Hii si yangu."

"Si yako vipi?"

"Kila kifaa ninachofunga nakichora kwa msumari alama ya ng'ombe wa kwetu. Mistari miwili na msalaba. Koili mpya niliifunga mwezi wa kwanza, nikaichora. Hii haina kitu!"

Bhoke akageuka taratibu.

"Mwezi uliopita gari lilishinda kwa nani kubadilishwa breki?"

Macho yote kwa Athanas.

"Unanisingizia mimi? Ushahidi uko wapi?"

"Athanas, mimi dada yako..."

"Nimesema ushahidi uko wapi!"

Mzee Mogesi akagonga fimbo chini. Damu nzito kuliko maji, lakini kwa mzee huyu ya mtoto wa kiume ilikuwa nzito zaidi.

"Basi! Usimtukane mwanangu mbele za watu. Koili mimi siijui. Ninachojua, jina la Joram limechafuka. Leo hii nakwenda kwa baba yake Veronika, nawatoa wale ng'ombe!"

Hapo ndipo Athanas alipobadilika rangi.

Maana ng'ombe kumi na nane wa Joram hawakukaa kwa mzee Mogesi hata mwezi. Kwa desturi ya Wakurya, ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Wote kumi na nane walikwenda kumtoa Veronika kwao! Ndoa ya Bhoke ikivunjika, wale ng'ombe wanarudi, na Veronika anarudi kwao.

Fundi mzima, anajua kila nati ya gari, alisahau nyumba yake imefungwa kwa nati gani!

"Tata, subiri kwanza..." Athanas akaanza.

"Nisubiri nini?"

 

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka pembeni.

"Bhoke, wifi yangu, nisemee kwa baba mkwe."

Alikuwa Veronika. Mkwe wa kike haongei na baba mkwe uso kwa uso, kwa hiyo alikuwa amegeukia ukuta, amempa mzee mgongo kwa heshima. Lakini alipaza sauti, kila mtu akasikia.

"Mwambie kuna kitu nimekikuta ndani ya ghala, chini ya ulezi. Sijui ni cha nini. Alama yake naijua, kwa sababu ng'ombe walionioa mimi walikuwa nayo."

Akaingiza mkono kwenye kapu. Akanyoosha mkono nyuma.

Koili! Inang'aa, mistari miwili na msalaba!

Wazee wa Tarime hawakujua cheche ni nini. Lakini alama ya ng'ombe? Kwa alama hiyo wezi wamekamatwa tangu enzi za babu zao. Mzee Mogesi aliishika, akapitisha kidole gumba juu ya ile michoro, mara moja, mara mbili. Hakuhitaji fundi wa kumweleza.

"Athanas," akasema polepole, "mwizi ni wewe."

Joram alifunga koili yake. Skrubu mbili za kuishikilia, nyaya mbili ndogo, waya mnene katikati. Kigari kikanguruma saa nzima juani, watu wakachoka kusubiri kizime, wakaondoka.

Mganga Simioni akamrudishia Joram ufunguo. Athanas akaambiwa asikanyage tena uwanja ule.

"Joram," mzee Mogesi akasema, macho chini, "una haki. Ukitaka ng'ombe wako, nyumba ya Athanas ivunjike leo."

Joram akamtazama mke wake.

"Wabaki," Bhoke akajibu. "Veronika ameokoa nyumba yangu. Mimi siwezi kubomoa yake."

Mzee akashusha pumzi. Akanyoosha mkono kumshika bintiye begani.

"Twende nyumbani mwanangu, mama yako akuone."

Bhoke akarudi nyuma hatua moja.

"Nyumbani kwangu ni pale ulipotaka kunitoa, Tata. Ukija tena, piga hodi."

Akapanda kigari, akakaa mbele.

Wadau, mimi sina mengi. Kabla hujavunja nyumba ya mwenzako, uliza kwanza ya kwako imejengwa na ng'ombe wa nani.