Kisanduku Chenye Lebo ya Mwenzake

...mia tatu themanini na nane! Na mwenzake vilevile, mia tatu themanini na nane, hakuna aliyemzidi mwenzake hata mgeni mmoja! Ngojeni kwanza, nimeanzia mwisho. Mimi nikiwa na habari mdomoni hata viatu sivui. Haya, nimekaa. Naanza upya.

Mnamjua mdogo wangu, yule tunayemwita Sindano kwa sababu ni mwembamba na ulimi wake unachoma. Yuko darasa la sita. Kila siku akitoka shule hupitia karakana ya mama, chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia, ambako mama hushona sare za wanafunzi. Sindano huokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha hunakili vipimo vya wateja kutoka kwenye daftari: kifua, bega, urefu wa mkono. Mama havumilii kosa la hata nusu inchi, kwa hiyo mtoto ananakili kama mashine. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililomponza.

Shuleni kwao kuna klabu ya kompyuta. Mwalimu wa maktaba alimpa kila mwanaklabu ukurasa wake kwenye tovuti ya shule, aujaze anavyopenda. Sindano akaandika mambo ya karakana: kifungo kinashonwaje kisikatike, doa la wino linatokaje kwenye shati jeupe, zipu iliyogoma unaibembelezaje kwa kipande cha sabuni. Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe. Wasomaji wake aliowajua walikuwa mama, mimi, na mimi tena.

Sasa, anayekaa naye dawati moja ni msichana anayeitwa Kengele, kwa ajili ya kicheko chake. Ukurasa wa Kengele ulikuwa na kisanduku cha rangi ya machungwa, na kila asubuhi ndani yake kulikuwa na jambo jipya. Leo utasoma kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kesho utaambiwa kuna sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake. Chini ya kisanduku kulikuwa na namba ndogo iliyojumlishwa upya kila asubuhi: wageni tisini. Kesho yake mia na kumi. Mapumziko yakifika watoto walimzunguka wakitaka kujua kesho ataandika nini, naye akicheka tu na kusema wataona.

Wivu ukamshika Sindano, tena ule wivu wa kumfanya mtu asisikie ladha ya chakula. Nyumbani hadithi ikawa moja. Kengele anaringa. Kengele anajifanya kuchoka ili watu waone anaamka alfajiri kuandika. Siku moja akaniambia hata mwandiko wake unaringa. Nikamwambia mwandiko hauna shingo ya kuringia, akaninunia mpaka siku ya pili.

Kisha mwalimu akaongeza kuni kwenye moto bila kujua. Alitangaza kwamba kila mmoja atafute njia ya kuhesabu wageni wake, na Alhamisi aandike idadi yao kwenye karatasi ya ubao wa matangazo, na ukurasa wenye wageni wengi ndio utakaokaa mbele kwenye tovuti ya shule muhula mzima. Sindano aliitaka nafasi hiyo kuliko chochote. Alikuwa ameshachora hata kifungo kikubwa cha kupamba pale juu.

Jumatatu Kengele akatoka kwenda kunywa maji, akaiacha kompyuta wazi upande ule wa kutengenezea ukurasa. Sindano akachungulia. Kumbe ndani ya kile kisanduku Kengele hakuandika kitu! Ilikuwa mistari sita tu ya alama za kompyuta. Akatoa daftari, akainakili herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, pamoja na namba ndefu ya tarakimu tisa iliyokuwa katikati. Namba ile alidhani ni madoido tu.

Kengele alipokwenda zake, Sindano akaibandika mistari ile kwenye ukurasa wake. Kisanduku kikachomoza, rangi ileile, jambo lilelile. Na chini yake: wageni mia mbili na kumi na mbili. Mnajua alifikiri nini? Alifikiri ni wageni wake, walikuwapo siku zote, ila alikosa kitu cha kuwahesabia.

Shuleni hakumwambia mtu. Aliwageukia wateja wa mama. Mtu amesimama anapimwa kiuno, hawezi kukimbia, Sindano anamwomba akifika nyumbani afungue ukurasa wake. Fundi viatu wa mlango wa pili alifungua mara nne, kwa heshima ya mama. Namba ikapanda mpaka nikashangaa.

Alhamisi asubuhi Sindano akawa wa kwanza kuandika: 388. Kengele akaja, akafungua ukurasa wake, akaandika: 388. Darasa likaangua kicheko kwamba ameangalizia. Mwalimu akamuuliza, akasema hakuangalizia, lakini hakuna aliyemwamini. Mwalimu akasema atafikiri, na Ijumaa asubuhi ataikata namba moja. Kila mtu alijua ni ipi. Kengele, ambaye kicheko chake husikika mpaka barabarani, akalaza kichwa kwenye dawati asikiinue tena. Sindano akanyamaza.

Haya yote alitusimulia karakanani mchana huo, na tabasamu lake lilikuwa limekaa upande kama shati lililokosewa vifungo. Mimi nasoma mambo ya kompyuta chuoni, nikaomba kuiona ile mistari. Kuiona tu, nilicheka mpaka nikakalia kimto cha pini. Nikamweleza.

"Kisanduku hiki kinaitwa wijeti. Kuna kampuni ya mtandaoni inaandika jambo la siku mara moja tu, huko kwake, na visanduku vyote vilivyobandikwa kokote duniani vinalionyesha. Ukurasa wako unakuwa dirisha lao. Wanakigawa bure kwa sababu anayekibofya anaishia kwao. Na namba ndefu hii ndiyo inayowaambia dirisha ni la nani. Umenakili ya Kengele, mdogo wangu. Kila uliyemtuma, amehesabiwa kwa Kengele."

"Wote?"

"Wote."

"Hata fundi viatu?"

"Hata fundi viatu, mara zote nne."

Mama akasimamisha cherehani. Akachukua shati lililokwisha, akageuza kola, akamwambia asome lebo. Sindano akasoma jina la karakana yetu.

"Mtu akiliiba hili kwenye kamba, akazunguka nalo mji mzima akiringa, anamtangaza nani?"

"Wewe, mama."

"Basi. Wivu haukukupa hata nafasi ya kugeuza kola." Akalirudisha shati mezani. "Na yule mtoto wa watu aliyelaza kichwa?"

Sindano aliniuliza baadaye, kwa sauti ya chini, itakuwaje akikaa kimya tu. Nikamwambia ukweli: atapata nafasi ya mbele, na Kengele atabaki na jina la mwongo. Hakula.

Ijumaa akasimama kabla mwalimu hajafungua kalamu. Akasema kwamba Kengele hakuangalizia chochote. Mwizi ni yeye, na daftari la ushahidi hili hapa. Akangoja Kengele amtukane, tena alikuwa ameshajiandaa kuyapokea matusi. Kengele akainua kichwa.

"Hata mimi mambo ya kisanduku sikuyaandika," akasema. "Hata moja. Mliponisifu nilinyamaza, kwa sababu sina changu cha kuandika. Wewe unacho. Zipu ya mkoba wangu niliirekebisha kwa sabuni yako. Nilikuwa nakuonea wivu."

Jamani! Wawili dawati moja, kila mmoja akimwonea wivu mwenzake!

Mwalimu alizikata namba zote mbili. Nafasi ya mbele akampa mtoto mmoja anayepima mvua kwa kopo na kuandika kila siku alichopima: wageni kumi na wanane, wote wa kweli. Sindano alilia kidogo. Lakini Kengele akamfuata akamwomba kitu: visanduku vya watu vimetosha, kwa nini wasitengeneze chao? Nikaitwa mimi. Kwa wiki nzima Sindano aliandika, Kengele alichora na kupanga rangi, nami nikawaonyesha mistari ya kuandika. Sasa kuna kisanduku cha kijani chenye ushauri mmoja wa nguo kila siku, na chini yake lebo ya majina yao mawili. Kurasa kumi na moja za klabu zimekibandika. Mimi niko mwaka wa pili chuoni na hakuna aliyewahi kubandika kitu changu popote. Nilimwambia mama kwamba sasa wivu umehamia kwangu.

Mama hakucheka. Alituita wote, Kengele naye, akachomoa pini kwenye pindo la sketi.

"Wivu ni kama hii," akasema. "Inakushikia kitambaa uone pa kushona. Ukishashona kwa mkono wako, itoe. Ukiiacha ndani, itamchoma anayeivaa nguo ile, na anayeivaa ni wewe."

Ndiyo hivyo. Lakini asubuhi hii barua imeingia! Shule nyingine, ya mbali, inaomba ruhusa ya kubandika kisanduku chetu. Nimewaacha wawili hao mezani kwa mama wakibishana nani aanze sentensi ya kwanza ya jibu. Mama ananisubiri nimshikie pindo, lakini kesho nikitoka chuoni nakuja moja kwa moja kuwaambia walichojibu, na safari hii nitavua viatu kwanza, nianzie mwanzo.