Pumzi Kumi na Sita

Kitanda cha tatu kilikuwa kitupu tangu asubuhi, shuka limetandikwa, mto umewekwa sawa. Lakini monita iliyosahauliwa juu yake ilikuwa inahesabu pumzi. Kumi na sita kwa dakika.

"Betri hiyo," muuguzi alijisemea, akaizima. Wodi nzima ilikuwa na monita moja, ndogo ya kubebwa mkononi kama redio, na kila ilipoleta vituko wauguzi waliilaumu betri.

"Sista, si betri," alinong'ona mama wa usafi, fagio amelikumbatia. "Nikipiga deki hapa naisikia inahema. Na hiyo harufu ya nywele zilizoungua, huisikii?"

Muuguzi alicheka. Kicheko kilimkauka alipoona kioo kimewaka chenyewe. Kumi na sita. Zile nyaya tatu za kubandikwa kifuani mwa mgonjwa zilikuwa zinapanda na kushuka juu ya shuka, taratibu, kana kwamba chini yake amelala mtu. Wakaifungia stoo, wala hawakumwambia daktari.

Wiki ile ile mama mzazi wa muuguzi akalazwa humo humo, mapafu yamejaa maji. Muuguzi hakuwa na mwingine duniani. Mchana kutwa alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi za mama kwa macho, saa mkononi, kama walivyofundishwa chuoni. Tisa. Saba. Daktari alimshika bega, akamshauri aite ndugu. Ndugu gani?

Alasiri, pumzi zilipofika nne, akili ikamruka. Alifungua stoo, ile harufu ikamvaa usoni, na humo ndani mashine ilikuwa inahema kwa sauti sasa, kama mtu aliyekimbia mbali, naye, huku anajua fika anachokifanya, huku machozi yanamtiririka, akaibeba hadi kitandani, akabandika waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, akainama, akaisemesha kama anavyosemeshwa mtu:

"Nakuomba. Mpumulie mama yangu."

Kioo kikazimika. Mama akafumbua macho, akaomba chai.

Daktari alipima, akapima tena, akabaki anatikisa kichwa. Siku ya tatu wakaruhusiwa. Nyumbani mama alifua, aliimba, aliwatania majirani mpaka wakashika mbavu. Binti alikuwa na furaha, furaha ya kweli, na kwa ajili hiyo hakutaka kuchunguza kitu. Wodini monita haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akasema haina kasoro yoyote.

Lakini mkono wa muuguzi umezoea kazi. Jumapili mchana mama alisinzia kwenye kochi, na binti, bila hata kukusudia, akamwekea kiganja kifuani, akatazama saa.

Dakika nzima ikapita. Kifua hakikupanda.

"Mama," aliita. "Mama?"

"Naam, mwanangu." Mama hakufumbua macho. Aliuweka mkono wake wa baridi juu ya ule wa binti, akaukandamiza usiondoke. "Usiogope. Ananipumulia vizuri tu. Ila anasema kifua changu kimeshazeeka, kinambana." Akageuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza. "Anauliza kuhusu chako."