Barua za Fundi Magodoro

Fundi magodoro alikuwa amepata ugonjwa wa kutazama kompyuta. Kila asubuhi, kabla hajagusa sindano, aliivua ile foronya aliyoifunikia, akapuliza pamba iliyoganda kwenye vitufe, akafungua kisanduku cha barua pepe. Hamna kitu. Akaifunika tena, taratibu, kama mtu anayemfunika maiti.

"Kaka, hicho si chungu," dada yake alisema kutoka kwenye cherehani. "Ukikikodolea macho hakichemki."

"Nilikuwa natazama saa tu."

"Saa iko ukutani. Nyuma yako."

Fundi alikuwa akimngoja binti yake.

Binti huyo alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya mizigo. Katikati ya bahari simu hazishiki. Mabaharia hutumia barua pepe tu. Siku aliyoondoka, alikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa akimfungulia baba yake anwani yenye jina la duka. Ilikuwa zawadi ya kuagana. Lakini baba hakutaka aende. Neno likazaa neno, mpaka baba akafoka, "Ukivuka kizingiti hicho, usirudi!" Binti aliinuka, akaiacha kazi nusu, akakivuka.

Hasira hasara. Wiki haikuisha, fundi akaandika: "Mwanangu, nisamehe. Mlango u wazi." Hakujibiwa. Akaandika tena, na tena. Sasa meli ilikuwa inakaribia kutia nanga. Hapo binti angechagua: kurudi nyumbani, au kuongeza mkataba na kutokomea tena baharini. Fundi alitaka ajue jambo moja kabla hajatia sahihi. Ajue kwamba anasubiriwa.

Alasiri, Mama Pacha alipitia mito ya wanawe. Yeye ni jirani yao, na kazini kwake ndiye anayesimamia mitambo ya barua pepe.

"Mzee, mbona umesinyaa kama godoro la gesti?"

"Mwanangu amenisusa," fundi alisema. "Namwandikia, hanijibu."

"Au hazimfikii. Hebu niandikie mimi."

Fundi aliandika "Hujambo jirani", akatuma. Mama Pacha alifungua simu yake. Kwenye kisanduku, hakuna. Akafungua kasha la barua taka. Barua ya fundi ilikuwa humo, imebanwa kati ya mganga wa kienyeji na bahati nasibu.

"Mimi ni taka?" fundi aliuliza.

"Afadhali umejua mapema," dada yake alisema.

Mama Pacha alicheka, kisha akavuta kiti. "Sikiliza, Mzee. Jina la duka lako mtandaoni linaitwa kikoa. Mtu yeyote, hata tapeli, anaweza kuandika barua na kudai imetoka kwenye kikoa chako. Sasa mtambo unaopokea utajuaje kuwa ni wewe? Wateja wako hujuaje kuwa godoro ni lako?"

"Namwambia mteja: godoro langu huletwa na mwenye mkokoteni wa bluu. Akija mwingine, shaka."

"Hiyo ndiyo SPF. Ni mstari unaotaja mitambo iliyoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Nini tena?"

"Nashona lakiri, alama yangu, kwenye kona. Mtu akilifumua godoro aongeze matambara, lakiri inakatika."

"Hiyo ni DKIM. Kila barua inatiwa muhuri wa siri. Ikichezewa njiani, muhuri haukubali. Na kama mkokoteni si wenyewe na lakiri haipo?"

"Alirudishe, na aniambie."

"DMARC hiyo! Ni agizo kwa wanaopokea: barua ikikosa uthibitisho, ifanyieni hivi, na mniletee taarifa. Binti yako alifungua anwani, lakini mistari hii mitatu hakuiweka."

"Nilimfukuza kabla hajamaliza," fundi alisema polepole.

Mama Pacha alifungua ukurasa wa mipangilio ya kikoa, akamwonyesha mahali pa kubandika mstari wa SPF, akakimbilia nyumbani kuwaogesha pacha. Fundi aliubandika mwenyewe.

Kesho yake walijaribu. Barua ikaangukia takani.

Mama Pacha alikagua mipangilio, akashika kiuno. "Mzee! Mbona mstari wa SPF umeuweka mara mbili?"

"Mimi mshono mmoja siuamini," fundi alijitetea. "Kila kona napitisha uzi mara mbili."

"Kwenye godoro, sawa. Huku mstari wa SPF lazima uwe mmoja tu. Ikiwa miwili, mtambo unaopokea unachanganyikiwa, unaikataa yote."

"Miaka thelathini nzima ya ufundi," dada yake alisema, "na leo unafumuliwa."

Wakaufuta mmoja. Kwenye huduma ya barua ya fundi wakawasha DKIM, wakanakili ufunguo wake na kuubandika kwenye kikoa. Mwisho wakaweka DMARC. "Tuanze na agizo la kutazama tu," Mama Pacha alieleza. "Tukishasoma taarifa na kuona barua zako zote zinapita, tutaagiza za matapeli zikataliwe." Kisha wakasubiri, maana mabadiliko huchukua muda kuenea.

Walipojaribu tena, barua ilitua kisandukuni. Mama Pacha alifungua maelezo yake: SPF imepita, DKIM imepita, DMARC imepita. Fundi hakushangilia. Alimwandikia binti yake mstari mmoja: "Mwanangu, nimekuandikia siku zote hizi. Tazama kasha la taka."

Mchana ulipita bila neno. Kesho yake pia. Dada yake hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilimtisha fundi kuliko kimya chenyewe.

Kisha jibu likaja.

"Baba, nimezikuta zote. Nimezisoma kuanzia ya kwanza, nikiwa nimekaa juu ya kamba za meli, na wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilikuwa nimeshika kalamu nitie sahihi. Nimeirudisha. Nakuja. Ila huku tunalalia godoro jembamba mpaka mbavu zinahesabu misumari. Nishonee langu."

Fundi aliisoma kwa sauti. Alipofika mwisho, akairudia kuanzia mwanzo. Dada yake alijifanya anatafuta uzi chini ya meza, akakaa huko muda mrefu.

"Pamba ya kawaida itatosha?" aliuliza kutoka huko.

"Ya kawaida?" Fundi alikuwa ameshavaa viatu. "Nakwenda kuchagua sufi."