Nyumba Ndani ya Chumba cha Wanji

Mdogo wangu Kagendo anajua kupanga nyumba. Mpe chumba chenye kuta za saruji na balbu inayoning'inia, umrudie baada ya wiki mbili, na hutataka kuondoka. Hana siri kubwa. Anaona tu. Mtungi uliopasuka mdomo ataugeuza uwe taa. Kitenge kilichochujuka atakikata foronya, na kule kuchujuka ndiko kutakakokifanya kipendeze. Huipiga kazi yake picha na kuziweka mtandaoni, na watu wa Nairobi na Mombasa humwandikia kumuuliza rangi ya ukuta ameichanganyaje.

Ofisi ya maji ilimhamishia Garissa miaka miwili iliyopita. Mumewe, Muriuki, anafanya kazi Mandera na huja mara moja kwa miezi miwili. Novemba iliyopita msichana wao wa kazi alikwenda kwao kuolewa, Kagendo akaniomba nije nikae na Wanji, binti yake wa miaka minne, kwa wiki tatu. Niliyoyaona mimi nimeyaeleza kama nilivyoyaona. Mengine aliniambia yeye, nami sijawahi kumshika kwa uongo.

Nilifika Jumanne kabla ya adhuhuri. Wanaishi ghorofani, juu ya Hawo, mshonaji wa mapazia. Ndani kulikuwa na kivuli kizuri. Mapazia ya rangi ya mchanga yaligusa sakafu, makapu ya makuti yalipangwa ukutani makubwa kwa madogo, na pembeni kulikuwa na kiti kimoja cha mbao karibu na dirisha, cha mtu anayetaka kusoma. Nilikaa hapo nikanywa maji. Kagendo akaniambia nisichoke bado, sijaona chumba cha Wanji.

Alikuwa amemjengea mwanawe kibanda cha kuchezea, kilichofunika kitanda chake. Fito kumi na mbili zilizopindwa zikakutana juu, zimefunikwa mikeka mizito yenye nyuzi ndefu kama manyoya. Miguu ya fito aliisimamisha sakafuni, kwenye makopo yaliyojaa mchanga. Kando ya mlango wake mdogo aliweka chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, akatia nyasi kavu ndani yake kama maua. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nyumbani. Nilimwambia hivyo.

Nikamuuliza vitu hivyo amevipata wapi.

Walikuwa wamekwenda Bura kukagua kisima, yeye na Abdiwahab, dereva wa ofisi. Mbali na barabara waliona mzigo umewekwa juu ya mgunga, kwenye panda la matawi: fito, mikeka, kamba, chombo, vyote vimefungwa pamoja. Abdiwahab alimweleza kwamba hiyo ni nyumba ya mtu. Wafugaji wakihama wepesi, ukame ukiwabana, huacha nyumba juu ya mti na kuifuata siku mvua ikirudi. Hakuna anayeigusa, hata adui. Kagendo aliuliza kwenye duka la Bura, akaambiwa ni ya mama mmoja, na misimu saba ya mvua imepita bila yeye kuja. Misimu saba, mchwa hawajala hata uzi. Kagendo aliona kitu kizuri kinachopotea bure. Abdiwahab alikataa kuupakia mzigo, basi akaupakia mwenyewe.

Sikumlaumu wakati ule. Mimi pia ningeweza kuuchukua.

Siku ya pili Hawo alipanda na pazia la jikoni mkononi. Ni mwanamke mnene, mcheshi, na alianza utani kabla ya kuvua viatu.

"Abaayo," alimwambia Kagendo, akimwita dada kwa Kisomali, "nasikia umeweka nyumba ndani ya nyumba. Kwani mfua inanyesha huku ndani?"

Kagendo alicheka, akamwongoza hadi chumbani. Hawo alifika mlangoni akasimama. Utani ulimtoka usoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefunga hizo kamba?"

Kagendo alisema ni yeye. Alitumia waya mwembamba wa maua, akauficha kwa kamba. Alisogea amwonyeshe. Hakukuwa na waya. Kila mahali fito zilipokutana palikuwa na fundo la kamba, dogo, la kubana, yote yakielekea upande mmoja. Alinigeukia mimi. Nilikuwa nimefika jana tu, na sijui kufunga fundo lolote zaidi ya la kamba ya viatu.

Waya tuliukuta dirishani, umekunjwa vizuri.

Hawo hakutaka kukaa. Alituambia akiwa amesimama kwamba kwao nyumba ni ya mwanamke. Mama yake na shangazi zake humsukia mikeka kabla hajaolewa, na mume huingia humo kama mgeni. Mtu haisimamishi nyumba ya mwingine bila mwenyewe kujua. Bibi yake alikuwa akisema ukiisimamisha, mwenyewe husikia. Alisema sheikh angemkemea kwa maneno hayo, na huenda sheikh ana haki. Lakini alipofika ngazini alirudi hatua mbili.

"Hiyo si nyumba ya kukaa, abaayo. Ni ya kuhama. Mfua ikija inafungwa, inapakiwa. Na aliye ndani anapakiwa nayo. Mtoto asilale humo."

Kagendo aliniambia baadaye kwamba Hawo ni rafiki mzuri lakini anapenda hadithi. Hata hivyo jioni ile alimchukua Wanji akalala naye chumbani kwake.

Alhamisi alikwenda kazini. Garissa, baada ya sala ya adhuhuri, joto hufunga maduka, na mji wote hulala. Hata mbuzi hunyamaza. Nilimlaza Wanji sebuleni, nikakaa kwenye kile kiti cha dirishani na kitabu. Nadhani nilisinzia dakika kumi.

Niliamshwa na harufu ya moshi.

Haukuwa moshi wa kitu kinachoungua. Ulikuwa mtamu, wa kuni za aina moja. Wanji hakuwa sebuleni. Nilimkuta ndani ya kibanda, amekaa, mgongo umenyooka, kama mtoto anayesukwa. Nywele zake, ambazo asubuhi nilizifunga kwa utepe, zilikuwa zimesukwa misuko myembamba, inang'aa kwa samli. Chombo cha maziwa kilikuwa miguuni pake. Nyasi za mapambo zilikuwa zimetolewa na kulazwa kando. Nilikigusa chombo. Kilikuwa na joto. Ndani yake ndimo moshi ulimotoka.

Nilimuuliza nani amemsuka.

"Ayeeyo."

Sikulijua neno. Nilipomwuliza Hawo alisema ni bibi. Alisema pia kwamba vyombo vya maziwa hufukizwa hivyo, kila siku, na mwenye nyumba.

Kagendo alirudi saa kumi. Alinisikiliza. Aliziosha nywele za mwanawe mara tatu, na samli haikutoka. Kisha akasema tukivunje kibanda sasa hivi.

Tulianza na mikeka. Yeye aliiweka nyuzi ndefu zikiwa ndani, kwa sababu ya picha. Sasa zilikuwa nje, kama inavyotakiwa ili maji yateremke. Tulivuta. Haikutoka. Kagendo alileta kisu cha jikoni. Kisu kilipita juu ya kamba kama kidole. Aliinama aondoe makopo ili fito zianguke.

Makopo hayakuwepo.

Yalikuwa yamepangwa barazani, safu moja, kila moja na mchanga wake. Fito zilisimama kwenye sakafu tupu. Nilisukuma moja kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa imara kama mti.

Tuliufunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Kagendo akauvaa ufunguo shingoni. Alimpigia Muriuki simu Mandera, na Muriuki alisema kwa upole kwamba mkewe amechoka, alale. Kagendo alitaka tuondoke kwenda kwetu Meru asubuhi. Tulikubaliana. Kabla ya kulala Wanji alitwambia jambo moja, akichezea ncha ya msuko wake.

"Ayeeyo anasema kesho tunahama."

Kagendo alimwita jina lake. Wanji hakugeuka. Alimwita tena, na tena. Ilikuwa kama kumwita mtoto wa watu barabarani.

Ijumaa mawingu yalikuwa chini. Abdiwahab alikuja na gari la ofisi saa nne. Kagendo alibeba mifuko kuipeleka chini, mimi nikamshika Wanji mkono. Tulikuwa mlangoni mvua ilipoanza. Ilianza yote kwa pamoja, kwenye mabati, kelele tupu. Nilijikunyata nikafumba macho sekunde moja. Sekunde moja tu. Nilipofungua macho nilikuwa nimeshika hewa.

Kagendo alipanda ngazi mbio. Hawo nyuma yake, sindano bado zikiwa kwenye kifua cha nguo yake.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Ndani tulisikia ufito ukitoka ardhini. Mmoja. Kimya. Mwingine. Kisha mikeka ikikunjwa. Kisha kengele ya mbao, ile ya shingo ya ngamia, ya sauti nzito, ya polepole.

Kagendo alihangaika na ufunguo. Mlango ukafunguka.

Nyumba haikuwepo tena. Palikuwa na mzigo. Fito zimefungwa pande mbili, mikeka imekunjwa, chombo kinaning'inia ubavuni. Kila kitu mahali pake, kama mgongoni mwa ngamia. Na juu kabisa, pale wanapokalishwa watoto wadogo wakati wa kuhama, alikaa Wanji. Amefungwa kitambaa kiunoni. Macho yamefumbwa.

Chini ya mzigo hapakuwa na kitu. Urefu wa kiuno kutoka sakafuni, na hapakuwa na kitu.

Mzigo uliyumba. Mbele, nyuma. Kama kitu kinachopiga hatua ya kwanza.

Kagendo aliruka. Hawo akamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Usimvute," alimnong'oneza. "Muombe."

"Nimuombe nini?"

"Wewe unajua ulichochukua."

Sikuwa nimewahi kumwona mdogo wangu akipiga magoti hata kanisani. Alipiga. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, na mvua karibu imzibe.

"Mama, nyumba ni yako. Niliiona nzuri nikaichukua. Niliambiwa ina mwenyewe, nikachukua. Nitairudisha leo, kwa mikono yangu. Mtoto ni wangu. Naomba umwache."

Kengele ikalia mara moja. Ikanyamaza.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha ncha ya kitambaa kiunoni mwa Wanji ikalegea. Ikavutwa taratibu, upande ambao hakuna aliyesimama. Mtoto akateleza, Kagendo akampokea, na mzigo ukashuka sakafuni bila kishindo. Wanji alifungua macho akasema ana njaa. Kagendo alimwita kwa jina. Akaitika.

Hawo alimshusha Wanji kwake chini, akamlaza kwenye marundo ya mapazia na kumsomea dua. Safari hii Abdiwahab ndiye aliyetangulia kuinua mzigo, akisema bismillah kwa kila hatua ya ngazi. Barabara ya Bura ilikuwa tope, lakini Kagendo hakukubali kungoja. Alirudi kesho yake, matope hadi magotini, akaniambia ameuweka kwenye panda lile lile, na kwamba hakupiga picha. Alikuwa na amani usoni. Ndiyo sababu yaliyobaki sikumwambia.

Walipoondoka kwenda Bura, nilibaki peke yangu ghorofani. Niliingia chumbani kufagia. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na kwenye sakafu ya saruji palikuwa na matundu kumi na mawili, kwa duara, kila moja upana wa kifundo cha mkono.

Nilishuka kwa Hawo, nikajifanya namwangalia mtoto. Wanji alikuwa amelala, anapumua vizuri. Nilitazama dari juu yake. Ilikuwa nyeupe, nzima, bila hata ufa.

Nilipanda tena. Niliingiza mkono kwenye tundu moja. Ulizama hadi kwapani na sikufika mwisho. Upepo wa moto ulinipiga vidole. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikalala kifudifudi nikaweka jicho.

Kulikuwa na jua huko chini. Jua kali, na mchanga mwekundu. Na kwenye mchanga unyayo mmoja, wa mguu mtupu, wa kulia. Mdogo sana, kama wa Wanji.

Nikahamia tundu la pili. Unyayo wa kushoto. La tatu, wa kulia. Nilitambaa duara lote namna hiyo, tundu kwa tundu, hatua kwa hatua.

Kwenye tundu la mwisho zilikuwa nyayo mbili, sambamba, visigino vimezama. Kama za mtoto aliyesimama pale pale kwa muda mrefu, akingoja aitwe.

Jioni ile nilimwomba Hawo saruji iliyobaki kwa fundi wake, akanipa bila kuniuliza ni ya nini. Niliziba matundu kumi na moja. Nilishindwa kuliziba la mwisho. Nilichukua zulia dogo la sebuleni, lile la bluu, nikalitandika juu yake.

Kagendo aliporudi alisema zulia hilo halipendezi hapo, limeua chumba. Nilimwomba aliache.