Mikono Mirefu ya Fundi Cherehani

Jumatatu fundi cherehani hakufika kazini. Alikuwa kwa dada yake, ameketi ukingoni mwa kitanda, jicho la kushoto limefumbwa na uvimbe.

Mkewe, msusi, alikutana naye sokoni miaka mitatu nyuma. Katikati ya msukumano, wote wawili walidaka kitambaa kimoja cha kijani.

"Kaka, hicho changu."

"Basi chukua, dada. Ila nikushonee mimi."

"Na ukiniharibia?"

"Utanioa kwa hasira."

Msusi alicheka mpaka akashika meza ya muuzaji. Gauni lilimkaa kama ngozi yake. Wakaoana.

Kazi ya fundi ni kupima watu, na nusu ya watu hao ni wanawake. Siku mteja mmoja wa kike alipompigia simu nyumbani, msusi alimbandika mumewe pasi ya moto mkononi. Kisha akalia, akampaka dawa, akamwita "roho yangu".

Fundi akajishonea shati la mikono mirefu, lenye vifungo vitatu mkononi. Wenzake wakadhani ni mtindo.

"Tangu aoe huyu, kila siku bwana harusi," walimtania. "Hebu tuonyeshe unavyokata."

Akawaonyesha, kitambaa kikimnata kwenye kidonda. Baada ya miezi miwili wateja walikuwa wanaliagiza shati lile kwa foleni.

Mara moja tu alikwenda kituoni. Askari alimtazama juu mpaka chini.

"Mkeo amekupiga, wewe mwanamume mzima? Kwa kitu gani, upawa?"

"Pasi."

"Nenda mkayamalize chumbani, mzee."

Jumapili, ilikuwa chupa. Jumatatu, simu iliita.

"Mume wangu, uko wapi? Chakula kinapoa."

"Kwa dada."

"Rudi, kipenzi. Sitarudia."

"Ulisema hivyo baada ya pasi."

"Kwa hiyo unataka watu wajue mkeo anakupiga? Watakucheka wewe, si mimi."

 Fundi alijua hilo ni kweli, na ndilo lililomchosha kuliko kipigo.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda."

Dada yake, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akatoka nje asije akampokonya simu.

"Sasa si urudi?"

"Sirudi," alisema, akakata.

Daktari ameandika makovu tisa na jicho. Shauri la fundi dhidi ya mkewe litasikilizwa mahakamani Alhamisi saa tatu asubuhi. Dada yake ameomba ruhusa kazini ili aende naye.